Plastiki Katika Matope ya Pwani: Tuiokote Ingali Kubwa



Somo la toleo hili ni la vikundi vya wavuvi, vya mama karanga wanaokaanga na kuuza samaki, vya wafugaji wa mwatiko na mkizi, na vya wapanda mikoko. Ninyi wa bara msifunge ukurasa, maana mtajikuta humu ndani kabla hatujafika mwisho. Mmoja wenu asome kwa sauti, sehemu moja moja, na wengine wasikilize na kuuliza. Mnaweza kuligawa somo katika mikutano miwili: wa kwanza wa kusoma na kujadiliana, wa pili wa kufanya jaribio la chumvi lililoelezwa hapa chini.

Jambo kuu la kushika ni hili. Plastiki ikiwa kubwa, mtu anainama anaiokota. Ikishavunjika vipande vidogo na kuchanganyika na matope, haiokoteki tena. Kuitoa kungetaka matope yote yachimbwe na kuchekechwa, na humo ndimo wanamoishi kaa, kamba na samaki wadogo. Kwa hiyo kazi yetu ina wakati wake, nao ni kabla plastiki haijavunjika.

1. PLASTIKI HAIOZI, INAVUNJIKA

Ukitupa ganda la ndizi shambani, baada ya wiki chache hulioni. Limekwenda wapi? Limeliwa na viumbe wadogo sana walio udongoni, likawa udongo. Huko ndiko kuoza.

Plastiki viumbe hao hawaiwezi. Kinachoishambulia ni jua, joto, mawimbi na kusuguliwa na mchanga. Tazameni ndoo kuukuu iliyoachwa juani miaka miwili au mitatu. Ukiishika ukingo, unakatikia mkononi. Tazameni gunia la nailoni lililowekwa ukutani mwa kisima au kwenye tuta la bwawa. Kwanza linapauka, halafu linanyumbuka nyuzi, na kila upepo au wimbi linaondoka na nyuzi kadhaa. Gunia halijaisha. Limegeuka nyuzi maelfu ambazo hakuna anayeziona.

Wataalamu huviita vipande vilivyo chini ya milimita 5 maikroplastiki, yaani plastiki ndogondogo. Milimita 5 ni kama ukubwa wa punje ya pojo. Vingi ni vidogo kuliko hapo, hata jicho haliwezi kuviona. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 2004, wakati mtaalamu Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, na wenzake walipotangaza kwamba wamekuta nyuzi na vipande vidogo vya plastiki katika mchanga na matope ya pwani ya kwao. Tangu hapo wengi wametafuta katika nchi nyingine, na mara nyingi wanachokuta zaidi ni nyuzi: za kamba, za nyavu, na za nguo zinazofumwa kwa plastiki.

2. KWA NINI INAKAA MATOPENI

Watu wengi hudhani kwamba plastiki yote huelea. Si kweli. Fanyeni jaribio dogo sasa hivi. Chukueni chupa ya maji ya kununua. Kateni kipande kidogo cha chupa yenyewe na kipande cha kifuniko chake. Vitieni vyote katika beseni la maji, mvizamishe kwa kidole ili mapovu ya hewa yatoke, kisha mwachilie. Kipande cha kifuniko kitapanda juu. Kipande cha chupa kitabaki chini. Chupa nzima huelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani tu. Ikipasuka, inashuka.

Na hizo zinazoelea je? Nazo hazielei milele. Zikikaa baharini, ukungu wa kijani huzishika, halafu makombe madogo hujibandika juu yake. Uzito unazidi, nazo zinazama polepole.

Sasa fikirini juu ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Maji yakijaa huingia kwa nguvu, yamebeba udongo, majani na taka. Yakifika kati ya mizizi ya mikoko yanapunguza mwendo. Maji yakitulia, yaliyobebwa yanatua. Hivyo ndivyo matope ya mikoko yalivyojengwa tangu zamani, na ndiyo sababu yana rutuba. Lakini mizizi haichagui. Inanasa jani, na inanasa mfuko vilevile. Kadiri hori linavyokuwa zuri kwa kulea samaki, ndivyo linavyokuwa zuri kwa kunasa plastiki.

Huku kwetu jambo hili limepimwa. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kupima maji ya hori la Tudor na la Port Reitz, yanayozunguka kisiwa cha Mombasa, na la Mida karibu na Watamu. Plastiki ndogondogo zilikuwako kote. Angalieni kwamba Mida haiko kando ya mji mkubwa, tena ni mahali palipohifadhiwa. Kumbe ua wa sheria hauzuii kinacholetwa na maji.

Tena plastiki hii haitoki pwani peke yake. Mto Nairobi unaingia Mto Athi. Athi unateremka, unaitwa Galana, halafu unaitwa Sabaki, na unamwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Basi chupa inayotupwa mtaroni Nairobi ina njia ya kufika kwa mvuvi wa Malindi. Haya ninyi wa bara, mmejiona?

Mikoko yenyewe pia inaumia. Mchu, kwa mfano, una vipumulio vinavyosimama wima matopeni kama penseli. Hivyo ndivyo pua za mti. Karatasi ya nailoni ikivifunika, mti unakosa hewa. Huko Java, nchini Indonesia, watafiti walijaribu kufunika kwa plastiki mizizi ya mikoko ya jamii ya mchu, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Miti iliyofunikwa mizizi yote ilipoteza majani. Iliyofunikwa nusu ilivumilia. Hapo kuna neno la kututia moyo: hata kama hamwezi kuondoa taka yote, kuondoa nusu yake kunaweza kuupa mti nafasi ya kupumua.

3. SAMAKI WANAOKULA MATOPE

Si samaki wote walio katika hatari moja. Jodari wa bahari kuu hawindi matopeni. Tunaowasema hapa ni wale wa ufukweni, ambao nyumba yao na sahani yao ni matope hayohayo.

Mkizi. Samaki huyu hula kwa kuchota matope ya juu. Huyachuja mdomoni, mchanga mwingi akautema, na yale mabaki ya majani na ukungu akayameza. Mama karanga wanajua kwamba ukimpasua mkizi unakuta tumbo nene kama firigisi ya kuku. Kazi yake ni kusaga. Samaki anayechota matope hawezi kuchagua kila chembe. Yakiwa na plastiki, ataila.

Mwatiko. Wakubwa hutaga mayai baharini. Watoto wao, wadogo na weupe karibu kama maji, huingia mahorini kutafuta chakula na kujificha. Mwatiko hana meno, na hupenda ule utando laini wa kijani unaofunika sakafu ya bwawa. Vikundi vingi vya Kwale na Kilifi huwakusanya watoto hao na kuwafuga katika mabwawa nyuma ya mikoko. Kwa hiyo kilichoko katika sakafu ya bwawa ndicho kitakachokuwa tumboni mwa mwatiko wenu.

Wale samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa, wanaorukaruka juu ya matope maji yakipwa. Hatuwauzi, lakini ndege na kaa huwala. Wao huchimba mashimo na kuishi humo, na hula juu ya matope yaleyale.

Kaa. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa huchota matope, hula kilichomo, na kuacha vidonge vidogo mbele ya shimo. Kaa wakubwa wa mikoko, wale wanaonunuliwa na mahoteli, hula konokono na kaa wadogo. Basi mdogo akimeza, mkubwa humla akiwa na mzigo wake.

Katika Kenya ushahidi umeshaanza kukusanywa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari ya kwanza kwamba vijidudu vinavyoelea katika bahari yetu, ambavyo ni chakula cha samaki wachanga, vinameza plastiki. Mwaka 2020 wengine waliandika kwamba wamezikuta ndani ya wanyama wadogo wa pwani ya Kenya wasio na uti wa mgongo.

Zinamdhuru vipi samaki? Kwanza, tumbo linajaa kitu kisicho chakula. Samaki anajiona ameshiba, kumbe hajala, na anakua polepole. Pili, nyuzi zinaweza kujisokota tumboni au kunasa kwenye mashavu anapopumulia. Tatu, plastiki hunyonya sumu zilizo majini, kama mafuta na dawa za wadudu, na yenyewe ina madawa yaliyotiwa kiwandani. Samaki akiimeza, humeza na vilivyoshikamana nayo.

4. JE, TUACHE KULA SAMAKI?

Hapana. Msirudi nyumbani na neno hilo. Samaki ni chakula bora kwa mtoto na kwa mama mjamzito, na ukimwondoa mezani utaleta hasara iliyo wazi kwa kukimbia hatari ambayo kipimo chake bado kinatafutwa. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2022 kwamba ushahidi uliopo kuhusu madhara ya plastiki ndogondogo kwa afya ya watu bado hautoshi kukata shauri. Lilisema pia kwamba ni vyema kupunguza plastiki tunayoingiza katika mazingira.

Kuna jambo rahisi la kufanya jikoni. Plastiki nyingi anayomeza samaki hukaa tumboni. Basi mtumbueni samaki vizuri, toeni matumbo na mashavu, na msafishe kwa maji safi. Wale wanaoliwa wazima na matumbo yao, kama dagaa na chaza, hatuwezi kuwafanyia hivyo. Usalama wao unategemea usafi wa maji wanamoishi. Kwa hiyo tunarudi palepale, kwenye ufuko.

5. MAZUNGUMZO

Mazungumzo kama haya husikika katika vikundi vingi baada ya siku ya usafi. Yasomwe na watu watatu.

KIJANA: Mzee mwenyekiti, mimi nimechoka. Jumamosi tumeokota magunia 12. Maji ya bamvua yameingia, leo ufuko umejaa tena. Taka hii si yetu bwana, inaletwa na bahari.

MWENYEKITI: Mwanangu, kuna ya bahari na kuna yetu. Wewe unazitenganisha vipi?

KIJANA: Aa, mzee, taka ni taka tu.

MAMA KARANGA: Sivyo, mwanangu. Iliyotoka mbali huja na makombe madogo yameing'ang'ania, na maandishi yake huwezi kuyasoma. Lakini mfuko wa maziwa wa juzi, safi, una jina la duka la hapo juu? Huo haukupanda jahazi. Huo umeteremka na mtaro.

KIJANA: Haya mama, tuseme nusu ni yetu. Na hiyo nusu nyingine tutaiokota mpaka lini?

MWENYEKITI: Nyumba yako unaifagia mara ngapi?

KIJANA: Kila siku.

MWENYEKITI: Basi. Na vumbi huliulizi limetoka wapi.

MAMA KARANGA: Tena yale magunia 12 hayakupotea bure. Yale hayatavunjika humu matopeni, wala mkizi hatayala. Ufuko ukijaa tena, zile za Jumamosi hazimo.

Jadilianeni: je, kijana ana haki ya kuchoka? Kikundi chenu kingemjibu nini?

6. JARIBIO LA CHUMVI

Jaribio hili litawaonyesha kwa macho yenu. Mnahitaji mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko, chumvi ya jikoni, sinia la bati, chujio la chai la waya, karatasi nyeupe na sindano.

Hatua ya kwanza. Chukueni mchanga wa mahali pawili: kopo moja kutoka kwenye mstari wa majani makavu ambapo maji ya juu huishia, na kopo moja kutoka kati ya mikoko. Chukueni wa juu tu, kina cha kidole kimoja. Usitiwe katika mfuko wa nailoni.

Hatua ya pili. Uanikeni juu ya sinia mpaka ukauke. Ondoeni vijiti na makombe kwa mkono. Vunjeni madonge ya matope.

Hatua ya tatu. Koroga chumvi katika maji safi mpaka ifike mahali haiyeyuki tena. Lita moja ya maji huchukua karibu gramu 350. Acheni yatulie, kisha mimineni yale maji ya juu. Maji haya ni mazito kuliko ya bahari, kwa hiyo plastiki nyingi zinazozama baharini zitaelea humu.

Hatua ya nne. Tieni mchanga katika mtungi mpaka robo, jazeni maji ya chumvi, funikeni, tikiseni kwa nguvu, halafu mwache. Mchanga unatua upesi. Matope yanachukua saa nyingi, pengine mpaka kesho yake.

Hatua ya tano. Mimineni maji ya juu polepole kupitia chujio, na mtandaze kilichobaki juu ya karatasi nyeupe. Mtaona vipande vya majani, na pamoja nayo vitu vya rangi: buluu, nyekundu, kijani kikali, nyeupe. Mkiwa na shaka, pasheni ncha ya sindano motoni na mguse. Plastiki inayeyuka au kujikunja. Jani linaungua tu. Fanyeni hivyo nje, si ndani ya nyumba.

Kumbukeni mambo mawili. Mkiona vipande vitano, si kwamba ni vitano tu, maana vidogo zaidi vimepita katika chujio. Na plastiki nzito, kama ile ya chupa za maji, haielei hata katika maji ya chumvi. Imebaki chini na mchanga. Kwa hiyo mnachokiona ni sehemu tu ya kilichomo. Mwalimu wa shule iliyo karibu akialikwa na wanafunzi wake, jaribio hili litawafaa sana.

7. MAMBO YA KUFANYA

Tuanze na plastiki yetu wenyewe. Kabla ya kulaumu mji au meli, kikundi kijikague.

(a) Vitalu vya mikoko. Miche mingi hukuzwa katika mifuko ya nailoni. Siku ya kupanda, watu wako matopeni, maji yanakaribia kujaa, na mifuko inaachwa palepale. Katibu ahesabu. Mkitoka na miche 500, mrudi na mifuko 500. Mifuko inayoweza kutumika tena ioshwe na kuwekwa. Mbegu za mkoko, zile ndefu kama sigara, zinaweza kuchomekwa matopeni moja kwa moja bila mfuko.

(b) Mabwawa ya samaki. Matuta ya magunia ya nailoni yanamwaga nyuzi ndani ya bwawa. Mahali panapowezekana tumieni udongo mzito na mawe. Kama magunia yapo, yaondolewe yanapoanza kupauka, kabla hayajanyumbuka. Mbele ya mlango wa maji simamisheni uzio wa fito zilizokaribiana ili unase taka, na mtu auangalie kila baada ya bamvua.

(c) Nyavu na kamba. Mvuvi akishona wavu, vipande vya nyuzi asivipeperushe. Awe na kopo. Kamba ya manila iliyochakaa isiachwe kwenye nanga mpaka ikatike.

(d) Sokoni. Mama karanga wakubaliane kutumia vyombo vya mteja, vikapu, au karatasi. Sheria nayo inatusaidia hapa. Kuanzia tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu iliyowekwa ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, pamoja na chupa za maji, zilikatazwa katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Mahali pengine chupa hazikukatazwa, ndiyo sababu bado tunaziona nyingi.

Kuokota kwa utaratibu. Chagueni hatua 100 za ufuko au ukingo wa mikoko. Mwende hapohapo kila mwezi, maji yakipwa, siku chache baada ya bamvua. Vaeni viatu na mifuko ya mikono, kwa sababu ya vioo na sindano. Watoto wadogo wasiingie mahali penye taka za hospitali. Okoteni kwanza kile kinachokaribia kuvunjika: mifuko iliyopauka, magunia, vipande vya ndoo na ndala zilizomeng'enyeka. Chupa ngumu inaweza kungoja hadi kesho. Mfuko uliopauka hauwezi.

Lakini msiokote kwa pupa. Majani ya bahari yaliyotupwa ufukweni yaacheni, ni chakula na kinga ya mchanga. Msikanyage miche ya mikoko. Kitu kilichozama ndani sana ya matope na kushikwa na mizizi, kikateni kile kilicho juu na mwache kilicho chini, maana kukivuta kutang'oa mti. Mkiona alama za kasa, ondokeni hapo.

Kuhesabu. Katibu awe na daftari lenye safu hizi: tarehe, chupa, mifuko, ndala, kamba na nyavu, magunia, vinginevyo. Aongeze safu moja ya vitu vyenye makombe yaliyojibandika, ndivyo vilivyotoka mbali. Baada ya miezi sita mtajua taka yenu inatoka wapi. Watafiti nao wamesoma maandishi ya chupa katika fukwe za Kenya kwa kusudi hilohilo. Daftari hilo ni silaha. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kuondoa taka ni kazi ya serikali ya kaunti. Mkienda kwa mwakilishi wa wadi na malalamiko matupu atawasikiliza. Mkienda na hesabu ya miezi sita, pamoja na kamati ya usimamizi wa ufuko, itakuwa vigumu kuwapuuza.

Kupeleka. Msichome. Moshi wa plastiki una sumu, hasa ule wa mabomba na ngozi za bandia, na majivu yake yanarudi kwenye mchanga. Msifukie ufukweni pia, maana mawimbi yatafukua. Plastiki ngumu, kama mitungi na ndoo, ina wanunuzi katika miji mingi. Ulizeni kwanza bei na namna wanavyoitaka, ndipo mkusanye. Mifuko laini na nepi za watoto kwa kawaida hazina mnunuzi. Hizo zipelekwe mahali palipotengwa na kaunti, mbali na mtaro na mto.

Huko Lamu mafundi wa majahazi walionyesha kwamba plastiki kuukuu yaweza kuwa kitu. Waliunda jahazi liitwalo Flipflopi kwa karibu tani 10 za plastiki iliyookotwa, likafunikwa kwa ndala 30,000, likashushwa majini mwaka 2018. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini angalieni: plastiki ile ilikuwa bado inashikika mkononi. Hakuna fundi awezaye kuunda jahazi kwa nyuzi zilizomo tumboni mwa mkizi.

8. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taka za kijiji chetu zinatupwa wapi? Mvua kubwa ikinyesha, zinakwenda wapi?

2. Katika kazi za kikundi chetu wenyewe, ni plastiki gani tunaiacha majini au matopeni? Tajeni tatu.

3. Kwa nini mkizi na mwatiko wako katika hatari kuliko samaki wa bahari kuu?

4. Mtu akiwaambia, "Mimi najitupia chupa moja tu," mtamjibu nini kutokana na somo hili?

5. Ni nani atakayetunza daftari la kuhesabu, na tutaanza tarehe gani?

Swali la tano lisiahirishwe. Liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la mtu na tarehe, kabla ya watu kutawanyika. Mfuko uliopauka ulioko ufukweni leo, bamvua likija linaweza kuukuta umekuwa vipande mia.